Wanja wa Pwani Katika Baridi ya Nyeri

Mabinti wetu wanaotoka Lamu, Malindi na Mombasa kwenda kuishi kandokando ya Mlima Kenya si wachache tena. Wako waliopelekwa na masomo, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilichoko Nyeri, au katika Chuo Kikuu cha Karatina. Wako waliopelekwa na kazi, na wako waliopelekwa na ndoa. Katika sanduku la kila mmoja, baina ya leso na buibui, hukosi kichupa cha wanja. Nao wakirudi likizo huleta malalamiko mamoja: wanja uliokuwa ukitulia nyumbani, huko hautulii. Hutiririka, huchafua mashavu, na uso uliopendeza chumbani huonekana mkali ukifika barabarani.

Pengine msomaji atastaajabu kuwa sisi, watu wa chuoni, twaandika habari za wanja. Asistaajabu. Katika vitabu tulivyosomeshwa wanja una milango yake: katika tohara, katika saumu, katika hija na katika eda. Tabibu wa macho kwa Kiarabu cha zamani huitwa kahhal, neno lililotokana na kuhl, yaani wanja. Na Ali bin Isa wa Baghdad, aliyeandika kitabu mashuhuri cha maradhi ya macho yapata miaka 1000 iliyopita, alijulikana kwa lakabu hiyo. (Hata neno alkoholi, ajabu iliyoje, asili yake ni al-kuhl; lakini hayo si ya leo.) Ama mambo ya mkono na kioo tumewauliza wenye ujuzi nayo, wake zetu na dada zetu, nasi twayafikisha kama tulivyoyapokea.

Na tuanze na hewa. Mji wa Nyeri umekaa baina ya milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti huingia msimu wa baridi ambao Wakikuyu huuita gathano: ukungu asubuhi, manyunyu, na jua lisiloonekana kwa siku kadhaa. Upepo wa baridi hulitoa jicho machozi, na wanja wa unga uliojazwa kwenye ukingo wa chini hufuata njia ya machozi hayo hadi shavuni. Nanyuki, kaskazini-magharibi ya mlima ambako ikweta hupita, shida ni nyingine: huko ni kukavu zaidi, upepo huja na vumbi, na vumbi likikutana na wanja mbichi jicho huwasha. Kuna na sababu ya tatu ambayo wengi hawaitambui. Baridi hukausha ngozi, na watu wa bara hujipaka mafuta mazito usoni asubuhi na jioni. Binti wa pwani, ambaye kwao jasho lilimtosha, huiga desturi hiyo, naye ana haki. Lakini mafuta hayakai shavuni peke yake. Hupanda hadi kwenye kope, na kalamu ya wanja huyeyuka ndani ya mafuta. Dawa yake ni nyepesi: mafuta yasifike kwenye kope, na kabla ya kupaka wanja kope ipanguswe kwa karatasi laini, kisha iguswe kwa poda kidogo.

Mwanga nao una neno. Jua la pwani hupiga juu ya ukuta mweupe na bahari, likafifisha kila rangi. Weusi mzito wa wanja huko hupungua ukali wake wenyewe. Asubuhi ya ukungu Nyeri haipunguzi kitu. Mstari ule ule uliokuwa mzuri Mji wa Kale huonekana kama umechorwa kwa makaa. Ndiyo maana wanawake waliokaa huko miaka mingi hupenda rangi ya kahawia iliyoiva au kijivu kwa mchana, na weusi huuweka kwa usiku na kwa arusi. Rai yetu ni kuwa wamesibu. Na yeyote asidhani kuwa nyanda za juu zilikuwa hazijui rangi hadi sisi tulipopanda na misafara. Wanawake wa Kikuyu walikuwa na udongo mwekundu waliouchanganya na mafuta ya mbarika wakajipaka, na walijua nani apakwe na wakati gani.

Sasa umbo la jicho. Kwetu pwani msichana hakujisomea jambo hili. Alikuwa na somo yake, akamkalisha mkekani, akamtazama, akamwambia: wewe jicho lako ni la kungu, lina ulegevu wake, usiliharibu kwa wanja mwingi. Aliye Nyeri au Chuka hana somo karibu. Ana kioo na muuzaji, na muuzaji humsifia rangi iliyobaki nyingi kwenye meza yake.

Basi asimame mbele ya dirisha, si chini ya taa, akitazame kioo kilicho sawa na uso wake bila kuinua nyusi. Aangalie kwanza kama kope ya juu yaonekana jicho likiwa wazi. Ikiwa imefunikwa na ngozi iliyo chini ya nyusi, mstari mnene ataupaka bure, kwa kuwa utamezwa mara tu afumbuapo jicho, kisha ujichape juu ya ngozi. Mwenye jicho la namna hii huchora jicho likiwa wazi, akitazama mbele, mstari mwembamba uliogusana na mizizi ya nywele za kope, na huuzidishia unene kidogo katika theluthi ya mwisho upande wa sikio.

Mwenye macho ya mviringo, wanayoyaita ya gololi, akizungusha wanja mnene pande zote huyafanya yaonekane kama yameshtuka. Yeye huuacha mstari uwe mwembamba katikati, akauvuta nje kidogo kupita pembe ya jicho. Mwenye macho madogo husaidiwa zaidi na kuacha kuliko kupaka: weusi ukizunguka jicho dogo kote hulifunga, basi apake juu peke yake, na chini apitishe rangi hafifu kuanzia katikati kwenda nje. Macho yaliyotokeza hutulizwa na rangi ya kope isiyong'aa, iliyo nzito kidogo kuliko ngozi. Yaliyozama hutaka kinyume chake, rangi nyepesi juu ya kope, na mstari uwe mwembamba sana.

Kisha kuna nafasi baina ya macho mawili. Kipimo cha watu wa zamani ni jicho moja: ikiwa kati ya macho yako laweza kuingia jicho la tatu lenye upana ule ule, nafasi yako ni ya wastani. Yakikaribiana kuliko hivyo, wanja uanzie katikati ya kope kwenda nje, na pembe ya upande wa pua iachwe safi. Yakiachana, mstari uanzie pale pale penye pembe ya ndani. Wanafunzi wengi huvaa miwani, na hili husahauliwa: kioo cha asiyeona mbali hulipunguza jicho, hivyo mstari waweza kukolezwa, kioo cha asiyeona karibu hulikuza jicho pamoja na kila kosa la mkono. Na mama aliyepita miaka hamsini, ngozi ya kope yake ikiwa imelegea, aache wanja wa maji, ambao huingia katika mikunjo ukakauka humo, atumie kalamu laini kisha aisambaze kwa ncha ya pamba.

Mkono wenyewe hauhitaji ustadi mkubwa. Kiwiko kiwekwe juu ya meza, kope isivutwe kwa nguvu, na mstari uchorwe vipande vifupi vifupi vinavyoungana, si kwa mkupuo mmoja. Mahali pa kupaka ni nje ya mstari wa nywele za kope. Desturi yetu ya kuupitisha wanja ndani, juu ya nyama yenye unyevu, inapendeza, hatukatai. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kuwa kalamu inayopitishwa ndani huingia katika utando wa machozi upesi na kwa wingi zaidi kuliko inayopitishwa nje. Penye vumbi la Nanyuki na macho yanayotoa machozi, jambo hilo si dogo.

Hapa ndipo tulipotaka kufika, nalo ni jambo la kile kilichomo kichupani. Wanja wa manga tulioupokea kutoka Uarabuni ni jiwe lililosagwa. Wapo wasemao: hii ni ithmid, na ithmid ni sunna, basi haiwezi kudhuru. Ni kweli imepokewa kwa Ibn Abbas kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliisifu ithmid kuwa hulipa jicho mwangaza na kuotesha ukope. Lakini sifa ile ni ya jiwe maalumu, si ya kila unga mweusi uliofungwa katika karatasi yenye picha ya msikiti. Wataalamu waliochunguza wanja zinazouzwa katika masoko ya Oman, Yemen na kwingineko wamekuta kuwa nyingi si antimoni bali ni galena, nayo ni jiwe la madini ya risasi. Yote mawili ni meusi, yote humeta, na jicho la mnunuzi haliwezi kuyapambanua. Marekani wameuzuia wanja wa namna hii kuingizwa nchini mwao kuwa kipodozi. Huenda muuzaji akakuambia kuwa Wamisri wa kale walitumia galena, na kwamba mwaka 2010 wanasayansi wa Ufaransa walidokeza kuwa chumvi za risasi katika wanja ule zilisaidia kinga ya jicho. Kweli walidokeza, lakini dawa ya Misri ya mafirauni si hoja ya kumpaka mwanao.

Na mtoto ndiye tunayemwogopea. Kwetu mtoto mchanga hupakwa wanja machoni na kwenye nyusi, na wengine huwekewa doa pajini mwa uso kumkinga na husuda. Mabinti wetu wanaozaa Nyeri, mbali na mama zao, huishika desturi hii kwa nguvu zaidi kwa sababu ndiyo harufu ya nyumbani iliyobaki. Mtoto hujisugua jicho, kisha hutia kidole kinywani, na risasi huingia mwilini. Madini haya huudhuru ubongo unaokua: huchelewesha kusema, hupunguza fahamu, na athari yake haifutiki kwa dawa. Shirika la Afya Duniani lasema hakijulikani kiwango chochote cha risasi katika damu kisichokuwa na madhara. Mja mzito naye humfikishia mtoto aliye tumboni. Ama kinga ya husuda, tunayo katika Muawidhatayn, nayo haihitaji kijiti.

Kwa hiyo, anunuapo wanja katika soko la Karatina au duka la Mombasa, mama atazame kama pameandikwa viungo, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama pana alama ya KEBS, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa. Kalamu nyingi za siku hizi hupata weusi wake kwa oksaidi ya chuma au masizi yaliyosafishwa, na hizo ni nafuu kwa jicho. Kichupa kisicho na maandishi kiachwe, hata kama kililetwa zawadi na aliyetoka Umra.

Kijiti kimoja kupita macho ya wanawake wanne arusini ni mapenzi, lakini ni njia ya maradhi. Laikipia, ambayo Nanyuki ni mji wake mkubwa, imekuwa miongoni mwa kaunti za Kenya zenye trakoma, ugonjwa wa vikope unaoambukizwa kwa majimaji ya macho na ambao ukiachwa hupofusha. Kila mtu na kijiti chake. Maskara nayo ikishapita miezi mitatu tangu kufunguliwa itupwe, hata ikiwa haijesha.

Imebaki udhu. Wanja wa unga hauzuii maji kufika kwenye ngozi. Ile kalamu na maskara zisizopenya maji huzuia, na kope za bandia zilizogandishwa kwa gundi huzuia zaidi; lazima ziondolewe kabla ya kutawadha, na kwa mwenye swala tano hiyo ni kazi ya kutwa. Wengi wa huko wametatua jambo hili kwa kupaka baada ya Isha, wakiwa nyumbani mwao na waume zao, jambo linaloondoa pia maswali ya nani anayetazama. Cha kuondolea ni pamba na mafuta ya nazi, yapitishwe taratibu kutoka juu kwenda chini jicho likiwa limefumbwa, kisha paoshwe kwa sabuni ili pasibaki utando wa mafuta. Ila mafuta ya nazi, kwa baridi ya Nyeri, asubuhi hukutwa yameganda chupani. Chupa iwekwe kwanza ndani ya kikombe cha maji ya moto.