Super 8 Chini ya Jua la Saa Sita: Fedha Yako Iende Wapi?

Katriji ya Super 8 ina futi 50 za filamu: dakika 3 na sekunde 20 ukipiga fremu 18 kwa sekunde, dakika 2 na nusu ukipiga 24. Mwanga ukizidi, umelipia filamu, kusafisha na kuskani ili upate picha nyeupe tupu.

Anzia kwenye filamu yenyewe. Jua likiwa wazi, kwa fremu 24, Kodak 50D hutaka tundu la lenzi la karibu f/16. Filamu ya ISO 200 hutaka f/32, na 500T hupita hapo, ilhali lenzi nyingi za kamera hizi huishia f/16 au f/22. Tena fremu haifiki hata milimita 6 kwa upana, hivyo ukibana tundu kupita f/11 picha hupoteza ukali. Mchanga mweupe wa pwani nao huongeza hatua nzima ya mwanga. Kununua 500T kwa matumizi ya mchana ni kulipia kasi, kisha kulipia vioo vya kuipunguza. Siishauri kabisa.

Filta ya kijivu ndiyo naiweka mbele ya yote, kwa sababu hununuliwa mara moja na katriji hununuliwa kila siku. Ya 0.6 hukata hatua mbili: 50D inatoka f/16 hadi f/8, ambapo lenzi nyingi hutoa picha safi. Mwenye 200T atumie filta ya 85, ile ya kurekebisha rangi iliyomo ndani ya kamera, isiyomgharimu kitu na inayoishusha filamu hadi ISO 125, kisha aongeze ya 0.9. Mwenye kamera kadhaa anunue filta moja kubwa na pete za kuifungia kwenye lenzi ndogo. Pete ni rahisi kuliko kioo. Kwa Tri-X, filamu ya nyeusi na nyeupe, filta ya rangi ya chungwa hula karibu hatua mbili na kukoleza anga kwa bei hiyohiyo.

Kupanda kutoka fremu 18 hadi 24 ili kupunguza mwanga ni biashara mbaya: hupati hata nusu hatua, na kila katriji inapoteza sekunde 50.

Kabla ya kulipa, angalia kipima mwanga cha kamera. Kikipima kupitia lenzi, filta inahesabiwa yenyewe. Chenye jicho la pembeni hakiioni, na picha zitatoka giza. Hapo nunua karatasi ya filta badala ya kioo, ukate kipande cha lenzi na kingine cha jicho.