Herufi Kubwa za Kijerumani: Kilemba cha Heshima Kilichogeuka Sheria

Mtu asiyejua Kijerumani akifungua gazeti la Berlin au la Vienna, huenda jambo la kwanza litakalomshangaza likawa wingi wa herufi kubwa. Meza ina herufi kubwa, mkate una herufi kubwa, hata kiroboto naye amevikwa kilemba! Katika lugha hiyo kila jina, au nomino kama wasemavyo walimu, huanza kwa herufi kubwa popote liwapo katika sentensi. Je, Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliitoa wapi desturi hii?

Hapana mfalme aliyeiamrisha. Katika miswada ya kale herufi kubwa ilikuwa pambo la kuanzia sura au ubeti. Kisha ikawa alama ya heshima. Martin Luther alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, majina yenye herufi kubwa yalikuwa machache. Lakini katika Biblia ya 1545, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, yalikuwa mengi, na jina la Mola liliweza kuandikwa kwa herufi mbili kubwa au zaidi. Wapiga chapa na wasahihishaji wao walikuwa na mkono mkubwa katika kazi hiyo.

Heshima nayo haikosi kuambukiza. Akipewa Mungu, mfalme naye atataka. Akipata mfalme, askofu hakubali kuachwa. Na mwisho kila neno ambalo mwandishi aliliona zito lilipata fungu lake. Karne ya 17 ilipokwisha, karibu majina yote yalikuwa yamepanda daraja. Hapo ndipo wanasarufi walipowafuata wapiga chapa kwa nyuma, wakaifanya desturi kuwa kanuni. Mmojawapo ni Johann Christoph Gottsched wa Leipzig, ambaye kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1748. Kilichokuwa alama ya heshima kikawa alama ya sarufi.

Je, ina faida? Wanaoitetea hupenda kutoa mfano huu. Andika *der gefangene Floh*, nawe umesema "kiroboto aliyetekwa". Ihamishe herufi kubwa, uandike *der Gefangene floh*, na maana yake ni "mfungwa alitoroka". Maneno ni yale yale. Kilemba tu kimehama kichwa. Kadhalika *essen* ni kula, na *Essen* ni chakula.

Sisi kazi hiyo hufanyiwa na ngeli. Kula si chakula, na kiti kikivunjika, kitenzi chenyewe humtaja aliyevunjika. Wala khati ya Kiarabu, ambayo mababu wa pwani waliiandikia Kiswahili, haina herufi kubwa wala ndogo. Jina la sultani na la mchukuzi wake huandikwa kwa kimo kimoja, na msomaji hapotei.

Hata Ujerumani kwenyewe wapinzani hawakukosekana. Jacob Grimm, yule aliyekusanya hadithi pamoja na nduguye Wilhelm, hakuipenda kabisa desturi hiyo. Katika kamusi yao kuu, ambayo juzuu lake la kwanza lilitoka mwaka 1854, majina ya kawaida yameandikwa kwa herufi ndogo. Na wapinzani wana hoja ya nguvu: sikio halisikii herufi kubwa, na bado Wajerumani wakizungumza huelewana. Anayelipa gharama ni mtoto wa shule, ambaye hana budi kuijua nomino kwanza ndipo aweze kuandika sentensi bila kukosolewa.

Majirani waliiona hoja hiyo. Waingereza wa karne ya 17 na 18 nao waliyakuza majina mengi, kisha wakaacha. Denmark iliifuta desturi hiyo mwaka 1948. Lakini mkutano wa tahajia wa Berlin wa 1901 haukuigusa, na yalipofanywa mageuzi ya mwaka 1996, waliotaka herufi ndogo walishindwa. Baadhi ya maneno yaliyokuwa na herufi ndogo yakaongezewa kubwa. Mazoea yana taabu. Jicho lililozoea vilemba huona ukurasa usio navyo kuwa uchi.

Nasi tunao ushahidi wetu. *Schule* la Wajerumani lilipofika kwetu likawa shule, na *Heller*, sarafu waliyoileta Tanganyika mwaka 1904, ikawa hela. Yote mawili yalivuliwa kilemba mlangoni, wala hayakupungukiwa maana. Lakini tusiwacheke Wajerumani. Maandishi ni mapatano ya wasomaji, na kwa mapatano hayo Mjerumani wa leo humtolea kiroboto heshima iliyoanza kwa Mola wake, naye hana habari kwamba anamheshimu.