Maradhi ya viungo na tembe za steroidi hula mifupa kimyakimya

MGONJWA wa baridi yabisi anapoanza kumeza tembe za prednisoloni, mara nyingi hupata nafuu katika muda wa siku chache tu. Vidole vilivyokuwa vikikakamaa asubuhi hukunjuka, magoti hupungua uvimbe, na mtu aliyekuwa akisaidiwa kufunga vifungo vya shati hurejelea shughuli zake.

Nafuu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, huku viungo vikitulia, kuna jambo jingine linaloendelea mwilini ambalo haliumi wala halionekani kwa macho. Mifupa huanza kupoteza uzito na uimara wake.

Hali hii, ambayo wataalamu huiita osteoporosisi, huwafanya watu wavunjike mifupa kwa vishindo ambavyo mtu mwingine asingevihisi. Mgonjwa huweza kuvunjika pingili ya uti wa mgongo kwa kuinua mtungi wa maji, au nyonga kwa kuteleza bafuni. Miongoni mwa aina zote za osteoporosisi zinazosababishwa na dawa, ile itokanayo na steroidi ndiyo inayopatikana kwa wingi zaidi.

La kusikitisha ni kwamba madhara haya yanaweza kuzuiwa kwa kiasi kikubwa, mradi hatua zichukuliwe katika miezi ya kwanza ya matibabu. Wagonjwa wengi huanza kuzungumziwa habari za mifupa baada ya mfupa mmoja kuvunjika.

Kinga inapougeukia mwili

Watu wengi hulitumia jina la baridi yabisi kwa kila aina ya maumivu ya viungo, na baadhi huamini kwamba maradhi hayo huletwa na baridi. Kuna tofauti kubwa kati ya maumivu ya magoti yanayotokana na kulika kwa viungo uzeeni, na maradhi ambayo chanzo chake ni kinga ya mwili kushambulia viungo vya mwili wenyewe.

Katika kundi hili la pili ndimo ilimo baridi yabisi halisi, ambayo huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Humo pia mna lupasi, ambayo takriban wagonjwa tisa kati ya kila kumi ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Kuna vilevile ugonjwa wa kukakamaa kwa uti wa mgongo, ambao mara nyingi huanza kwa vijana.

Katika maradhi haya yote, askari wa mwili hushindwa kumtambua adui. Huzalisha kemikali za kuchochea uvimbe, na kemikali hizo haziishii kwenye kiungo kinachouma bali husambaa mwilini pamoja na damu na kuifikia mifupa.

Mafundi wawili ndani ya mfupa

Ili kuelewa madhara yake, yafaa kujua kwamba mfupa ni kitu kilicho hai. Ndani yake mna chembechembe za aina mbili zinazofanya kazi mchana na usiku. Za kwanza hubomoa sehemu zilizochakaa, na za pili hujenga upya mahali palipobomolewa. Kwa mtu mzima, kiunzi chote cha mifupa hufanywa upya katika muda wa takriban miaka kumi.

Ujana ni wakati wa kuweka akiba, kwani ujenzi huwa mwingi kuliko ubomoaji, na mifupa hufikia kilele cha uimara karibu na umri wa miaka 30. Baada ya hapo akiba hupungua polepole, na kwa wanawake hupungua kwa kasi zaidi hedhi inapokoma.

Uvimbe wa maradhi ya kinga huvuruga mizani hiyo. Kemikali zake huziamsha chembechembe za kubomoa na kuzizuia zile za kujenga. Ndiyo sababu mgonjwa wa baridi yabisi anaweza kuanza kupoteza mifupa hata kabla ya kumeza tembe moja ya steroidi. Isitoshe, mtu anayeumwa hutembea kidogo, na mfupa usiobebeshwa uzito hudhoofika.

Dawa iliyoshangaza ulimwengu

Mnamo Septemba 1948, daktari Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani walimdunga kotisoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache aliweza kutembea. Mwaka 1950, Hench, Edward Kendall na Tadeusz Reichstein walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao kuhusu homoni hizo.

Furaha hiyo haikukosa doa. Tayari mwaka 1932, daktari wa upasuaji Harvey Cushing alikuwa ameeleza habari za wagonjwa wenye uso wa mviringo, unene wa kiwiliwili na mifupa dhaifu. Baadaye ilibainika kwamba miili ya wagonjwa wa aina hiyo huwa na homoni ya kotisoli kupita kiasi. Waliotumia kotisoni kwa wingi na kwa muda mrefu walianza kuonyesha dalili zizo hizo.

Prednisoloni inayotumiwa siku hizi ni ya ukoo huohuo. Huzipunguza chembechembe zinazojenga mfupa, hupunguza kalsiamu inayofyonzwa tumboni, na huongeza ile inayopotea kwenye mkojo. Aidha, hupunguza homoni za uzazi zinazoilinda mifupa na kudhoofisha misuli ya mapaja, jambo ambalo humfanya mgonjwa aanguke kwa urahisi.

Kasi ya uharibifu huwa kubwa mwanzoni. Katika mwaka wa kwanza, mgonjwa anaweza kupoteza kati ya asilimia 6 na 12 ya uzito wa mifupa, kisha takriban asilimia 3 kila mwaka. Hatari ya kuvunjika huongezeka ndani ya miezi mitatu hadi sita. Hatari hiyo ni kubwa kwa wanaotumia miligramu 7.5 au zaidi kwa siku, lakini hata dozi ndogo ya miligramu 2.5 hadi 7.5 huongeza uwezekano wa kuvunjika pingili za uti wa mgongo. Habari njema ni kwamba hatari hupungua mgonjwa anapoachishwa dawa hizo.

Walio hatarini zaidi

Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi ni wanawake waliokoma hedhi, wazee, watu wembamba mno, waliowahi kuvunjika mfupa kwa kishindo kidogo, na wale ambao mmoja wa wazazi wao alivunjika nyonga. Uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe kupita kiasi huongeza hatari hiyo.

Wagonjwa wa lupasi wana tatizo lao la pekee. Miale ya jua huweza kuamsha ugonjwa, hivyo hushauriwa kujifunika na kukaa kivulini. Lakini ni jua hilohilo linalousaidia mwili kutengeneza vitamini D, ambayo bila yake kalsiamu haifyonzwi ipasavyo. Kwa hivyo, kuishi katika nchi yenye jua kali si hakikisho kwamba mtu ana vitamini D ya kutosha.

Watoto nao wasisahauliwe. Mtoto anayetumia steroidi kwa miaka mingi huweza kufikia utu uzima akiba yake ya mifupa ikiwa haijajaa.

Vipimo na dalili

Udhaifu wa mifupa hauna maumivu hadi siku mfupa unapovunjika. Hata pingili nyingi za uti wa mgongo huvunjika bila mgonjwa kutambua. Dalili zinazofaa kutiliwa maanani ni kupungua kwa kimo, mgongo kuanza kupinda, au maumivu makali ya mgongo yanayozuka ghafla.

Kipimo kinachotegemewa zaidi ni cha mashine ya DEXA, ambayo hutumia miale michache ya eksirei kupima uzito wa mifupa kwenye nyonga na mgongo. Kulingana na vigezo vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1994, alama ya -2.5 au chini ya hapo huashiria osteoporosisi, na alama iliyo kati ya -1 na -2.5 ni onyo. Hata hivyo, wanaotumia steroidi huvunjika mifupa wakiwa na alama bora kuliko wagonjwa wengine, hivyo daktari hapaswi kuitegemea alama hiyo pekee.

Nchini Kenya, mashine hizo hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Mgonjwa aliye mbali nazo hajafungiwa mlango. Tangu 2008 kumekuwapo kikokotoo kiitwacho FRAX, kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza. Hukadiria uwezekano wa mtu kuvunjika mfupa katika miaka kumi ijayo, na huweza kutumiwa bila kipimo cha DEXA. Miongoni mwa maswali yake ni kama mhusika ana baridi yabisi na kama ametumia steroidi.

Mwongozo wa mwaka 2022 wa chama cha madaktari wa maradhi ya viungo nchini Marekani unapendekeza kwamba mtu mzima anayetumia miligramu 2.5 au zaidi za prednisoloni kwa siku, kwa zaidi ya miezi mitatu, akadiriwe hatari ya kuvunjika mifupa mapema iwezekanavyo.

Jinsi ya kuilinda mifupa

Hatua ya kwanza ni kuutibu ugonjwa wenyewe barabara. Dawa kama methotreksati kwa baridi yabisi, au haidroksiklorokwini kwa lupasi, huchukua majuma au miezi kabla ya kufanya kazi, lakini humwezesha daktari kupunguza steroidi hadi kiwango cha chini kabisa au kuziondoa.

Lakini mgonjwa asithubutu kuziacha tembe hizo ghafla kwa kuogopa madhara yake. Mwili uliozoea steroidi kwa majuma kadhaa huacha kujitengenezea kotisoli ya kutosha, na kukatiza dozi ghafla huweza kuleta kizunguzungu, kutapika, kushuka kwa shinikizo la damu na hata kifo. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, chini ya uangalizi wa daktari.

Pili ni lishe. Mtu mzima anayetumia dawa hizi huhitaji takriban miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku. Gilasi moja ya maziwa huwa na karibu miligramu 300. Wasiokunywa maziwa wanaweza kuipata katika omena wanaoliwa na mifupa yao, uji wa wimbi, simsim na sukuma wiki. Mchicha una kalsiamu pia, lakini sehemu kubwa yake haifyonzwi na mwili. Vitamini D hupatikana kwa uhaba katika vyakula, na mara nyingi daktari hulazimika kuiagiza kwa tembe.

Tatu ni mazoezi ya kuubebesha mfupa uzito, kama vile kutembea kwa kasi na kupanda ngazi, kulingana na uwezo wa mgonjwa. Nyumbani, yafaa kuondoa vitu vya kukwaza miguu, kukausha sakafu ya bafu na kuweka taa njiani kuelekea msalani. Macho yachunguzwe pia, kwa sababu steroidi huweza kusababisha mtoto wa jicho, na asiyeona vizuri huanguka.

Walio katika hatari kubwa huandikiwa dawa za kuimarisha mifupa. Inayotumiwa sana ni alendroneti, tembe moja ya miligramu 70 kwa juma. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa maji matupu wala si chai, na mgonjwa hukaa au kusimama wima kwa angalau nusu saa ili isichome umio. Wenye figo dhaifu na wanawake wanaotarajia kupata mimba wanapaswa kumweleza daktari kabla ya kuanza. Kuna pia sindano ya denosumabu, inayodungwa kila miezi sita. Hiyo haifai kucheleweshwa wala kuachwa bila dawa nyingine ya kushika nafasi yake, kwani mifupa hudhoofika upesi inapokatizwa.

Hatari ya dawa zisizojulikana

Wapo wanaotumia steroidi bila kujua. Baadhi hurudi kwenye duka la dawa na kununua tembe zilezile zilizowapa nafuu, mwezi baada ya mwezi, bila kupimwa na yeyote. Wengine hununua dawa za viungo zinazosifiwa kuwa za mitishamba tupu.

Mwaka 2022, shirika linalodhibiti chakula na dawa nchini Marekani, FDA, lilitoa onyo kuhusu bidhaa iliyouzwa kama kirutubishi cha viungo. Ilipopimwa, ilipatikana kuwa na deksamethasoni ambayo haikutajwa kwenye kibandiko. Miligramu 0.75 za steroidi hiyo hukadiriwa kuwa na nguvu sawa na miligramu 5 za prednisoloni. Dawa ya mitishamba inayomaliza maumivu ya miaka mingi kwa siku mbili yafaa kutiliwa shaka, lakini aliyeitumia kwa muda mrefu amwone daktari kabla ya kuiacha.

Mgonjwa anayeandikiwa prednisoloni ana haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kuondoka hospitalini. Nitatumia dozi gani, na kwa muda gani? Ni dawa gani itakayonisaidia kuipunguza? Nahitaji kalsiamu na vitamini D kiasi gani? Je, mifupa yangu itakaguliwa lini?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mtumiaji wa steroidi, ufa huanza katika miezi mitatu ya kwanza, wakati anapojihisi amepona, na huo ndio wakati wa kuuziba.