Oili na filta ya pikapu ya mradi: mambo ambayo kila kamati inapaswa kuyajua

Kila bajeti ya mwaka inapopitiwa kuna mstari mmoja unaoulizwa sana: matengenezo ya gari. Wajumbe huuliza kwa nini oili inamwagwa mara nyingi hivyo, na kwa nini isinunuliwe ile ya bei nafuu inayopatikana sokoni. Maswali hayo ni ya haki, kwa kuwa fedha ni za watu. Makala hii inajaribu kuyajibu kwa lugha rahisi, ili mhazini na mzee wa kanisa asiye fundi aweze kukagua hati ya madai ya gereji na kuielewa.

Neno la msingi ni hili: oili bora kwa pikapu yetu si lazima iwe ya bei kubwa kuliko zote. Ni ile yenye daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, iliyo halisi, inayobadilishwa kwa wakati pamoja na filta yake. Kwa mazingira ya Hanang na Mbulu, wakati na filta vina uzito kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwenye galoni.

Kwa nini jambo hili ni letu sote

Pikapu ya mradi hubeba mabomba ya maji, mbegu, saruji na wataalamu. Siku nyingine hubeba mgonjwa kwenda Hospitali ya Kilutheri Haydom. Wakati maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh na vijiji vya jirani tarehe 3 Desemba 2023, na watu zaidi ya 80 kupoteza maisha, kila mtu aliona thamani ya gari linalowaka na kutembea saa ile linapohitajika. Injini ikinoki, gharama ya kuifanyia ovaholi inaweza kumeza fedha za oili na filta za miaka mingi, na wakati huo kazi vijijini imesimama. Anayepunguza fedha za oili hajaokoa kitu, ameahirisha tu deni, nalo litarudi likiwa kubwa zaidi.

Oili inafanya kazi gani

Watu wengi wanajua kwamba oili hulainisha. Hiyo ni kazi yake ya kwanza: kuweka utando mwembamba kati ya vyuma ili visisagane. Lakini inazo kazi nyingine nne. Inapoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, kama sehemu ya chini ya pistoni na beringi za tabo. Inasafisha masizi na kuyabeba. Inaua nguvu ya asidi inayotokana na kuungua kwa dizeli. Na inasaidia ringi za pistoni kuziba vizuri ili nguvu ya mlipuko isivuje.

Kwa sababu hiyo, oili ya injini ya dizeli kuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa si dalili ya ubovu. Ni ushahidi kwamba inafanya kazi ya kubeba masizi. Dalili mbaya ni nyingine. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikinuka dizeli na kuongezeka kwenye kijiti cha kupimia, mafuta yanavuja kuingia kwenye oili. Ikisuguliwa kati ya vidole na kuonekana na chembechembe, kuna vumbi au chuma. Gari lililopita kwenye maji ya kina wakati wa masika likaguliwe kijiti hicho kabla ya safari inayofuata, pamoja na oili ya gia boksi na ya difu.

Namna ya kusoma maandishi ya galoni

Kwenye galoni kuna maandishi mengi ya kupendeza macho. Ya kuzingatia ni mawili tu.

La kwanza ni uzito wa oili, unaoandikwa kwa herufi SAE, kwa mfano SAE 15W-40 au 20W-50. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Namba ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Asubuhi za Juni na Julai hapa Katesh, chini ya mlima wenye mita zaidi ya 3,400, ni baridi kwetu sisi wanadamu. Kwa oili si baridi ya kutisha, kwa kuwa 15W imetengenezwa kwa nchi ambazo maji huganda barabarani. Hata hivyo, oili nyepesi kidogo ikiwa baridi hufika haraka kwenye beringi za juu, na uchakavu mwingi wa injini hutokea sekunde zile za kwanza baada ya kuwasha. Kwa pikapu nyingi za dizeli za huku kwetu, 15W-40 inatosha vizuri. Injini ya zamani iliyochoka na inayokula oili inaweza kutumia 20W-50 ikiwa kitabu kinaruhusu. Oili ya namba moja, kama SAE 40 pekee, haifai kwa injini za sasa, hata kama bei yake inavutia.

La pili ni daraja la ubora, linaloandikwa kwa herufi API. Herufi S ni ya injini za petroli, na herufi C ni ya dizeli. Herufi inayofuata inaonyesha daraja limefika wapi: kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo daraja lilivyo la karibuni zaidi. Kwa dizeli, CF-4 ilianza mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002 na CJ-4 mwaka 2006. CK-4 ilianza kutumika Desemba 2016. Madaraja ya CD, CF na CF-4 yamekwisha kuondolewa kwenye orodha ya yanayotumika, lakini oili zinazoandikwa hivyo bado zinaweza kuonekana madukani. Gari ambalo kitabu chake kinataja CF-4 linaweza kutumia CI-4 bila shida, ila gari linalotaka CI-4 lisirudishwe kwenye CF-4.

Kuna angalizo moja kwa magari mapya. Ikiwa gari lina chujio la moshi, linaloitwa DPF, oili yake lazima iwe ya majivu machache, la sivyo chujio hilo litaziba. Hapo kitabu cha gari kifuatwe neno kwa neno. Kwa Land Cruiser pikapu yenye injini ya zamani ya 1HZ, ambayo haina tabo wala kompyuta nyingi, oili halisi ya 15W-40 yenye daraja la CI-4 ni zaidi ya mahitaji yake.

Filta: kitu kidogo chenye kazi kubwa

Filta ya oili ni karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi ndani ya kopo la chuma. Ndani yake kuna pia valvu mbili ambazo macho hayazioni. Moja huzuia oili isirudi chini gari likizimwa, ili asubuhi injini isikae mikavu kwa sekunde kadhaa. Nyingine hufunguka filta ikiziba, ili injini isikose oili kabisa. Hii ya pili ndiyo inayowadanganya wengi. Filta iliyoziba haizimi gari na haiwashi taa. Oili inapita pembeni bila kuchujwa, na uchafu unakwenda moja kwa moja kwenye beringi, huku dereva akiona mambo ni shwari.

Ndiyo maana tabia ya kubadilisha oili mara mbili kwa filta moja si ya kuigwa kwenye barabara zetu. Bei ya filta ni ndogo ikilinganishwa na ya oili inayopita ndani yake. Wakati wa kununua, tajeni aina ya injini na si jina la gari peke yake, kwa kuwa Hilux mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na injini na filta tofauti. Filta bandia mara nyingi ina karatasi chache na laini, mpira mgumu usioziba vizuri, na maandishi yanayofutika. Fundi anaweza kukata filta ya zamani na kuwaonyesha wajumbe ndani yake. Darasa hilo la dakika tano linafaa kuliko maelezo mengi.

Wakati wa kufunga, mpira wa filta ya zamani uhakikishwe kuwa umetoka, kwa kuwa mipira miwili ikipandana oili yote inaweza kumwagika njiani. Mpira mpya upakwe oili kidogo, filta ikazwe kwa mkono, kisha injini iwashwe na kukaguliwa kama inavuja.

Vumbi ndilo adui wetu mkuu

Barabara ya lami kutoka Babati kwenda Singida inapita Katesh, nayo imesaidia sana. Lakini kazi yetu haiko kwenye lami. Iko Basotu, kwenye nchi ya mashamba ya ngano ambako udongo huwa kama unga wakati wa kiangazi, iko kandokando ya Ziwa Balangida, na iko kwenye njia za milimani za Mbulu. Gari linapopanda mlima Magara likiwa na mzigo, oili yake hupata joto kali kuliko safari ndefu ya tambarare.

Vumbi haliingii kwenye oili kwa kupitia kifuniko. Sehemu kubwa hupita kwenye hewa inayovutwa na injini. Kwa hiyo oili ya bei ghali pamoja na filta ya hewa iliyotoboka ni fedha iliyotupwa. Filta ya hewa ikaguliwe kila wiki wakati wa kiangazi. Ipulizwe kwa upepo wa wastani kutoka ndani kwenda nje, isioshwe kwa maji kama ni ya karatasi, na ile ya zamani isipigwepigwe ukutani hadi ikunjike. Bomba la mpira kati ya filta na injini likaguliwe kama lina ufa.

Watengenezaji wengi hutoa ratiba mbili kwenye kitabu: ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu. Vumbi, mizigo na safari fupi za mara kwa mara vinatuweka kwenye ratiba ya pili. Kwa pikapu zetu tupange kilomita 5,000, au miezi sita ikiwa gari halikutembea sana, na chini ya hapo ikiwa kitabu kinasema hivyo.

Mfano wa hesabu kwa kamati

Chukueni gari linalotembea kilomita 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilomita 24,000. Ukigawa kwa 5,000 unapata 4.8, yaani servisi tano. Ikiwa injini inachukua lita 10, ni lita 50 za oili na filta tano kwa mwaka, pamoja na lita chache za kuongezea. Zidisheni kwa bei ya dukani ya mwezi huo, ongezeni filta za hewa na za dizeli, nanyi mmepata mstari wa bajeti unaoweza kutetewa mbele ya mtu yeyote. Wafadhili wanaotoa gari tunawaomba watazame hesabu hii pamoja nasi tangu mwanzo. Gari lisilo na fedha za oili ni zawadi ya miaka michache tu.

Kununua kwa uangalifu

1. Nunueni kwa wakala anayejulikana, iwe Babati, Singida au Arusha, na mdai risiti ya EFD. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa lililo wazi isitumike kwenye gari la mradi.

2. Kagueni kizibo na mhuri wake, namba ya toleo, na alama ya ubora ya TBS. Bidhaa mkiitilia shaka, toeni taarifa TBS au Tume ya Ushindani.

3. Galoni tupu litobolewe mbele ya mjumbe mmoja. Galoni zima lenye lebo nzuri ndilo linalotafutwa na wanaojaza oili bandia.

4. Msinunue dawa za kuongezea kwenye oili. Oili yenye daraja sahihi tayari ina dawa zake.

5. Oili isizidi alama ya juu ya kijiti. Ikizidi, krenki huipiga ikawa povu, na povu halilainishi chuma.

6. Oili chafu isimwagwe ardhini, mtoni wala karibu na kisima. Ihifadhiwe kwenye chombo kilichofungwa na kupelekwa kwa wanaoikusanya kwa utaratibu unaokubalika. Waliozoea kupaka nguzo oili hiyo kuzuia mchwa wasiipake kwenye ghala la chakula wala zizi la mifugo.

Tunachoomba kwa kila kamati

Tunaomba kila gari liwe na daftari lenye safu tano: tarehe, kilomita, aina ya oili na daraja lake, filta iliyofungwa, na sahihi ya fundi na ya dereva. Dereva apime oili kila asubuhi, gari likiwa limesimama mahali tambarare na kabla ya kuwashwa. Mhazini alinganishe daftari na risiti kila robo mwaka, na daftari hilo liletwe kwenye kikao kama vinavyoletwa vitabu vya fedha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari, ufa wenyewe huanza kwenye filta isiyobadilishwa.