Tuendapo Ngomeni, Tuzime Tochi

Wengi humwendea Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, yule mgeni wa chuma: majukwaa ya San Marco yaliyorusha setilaiti baharini toka 1967 hadi 1988. Mwalimu awapelekaye wanafunzi huko yampasa kwanza aangalie mwezi. Siku za bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa huweza kupita mita 3, nayo hutimia kwa saa 6 hivi. Aliyekwenda mbali akiokota makombe hukatiwa njia. Waulizwe wavuvi, si ratiba ya shule.

Usiku kuna jambo zito zaidi. Kasa hupanda fuo za pwani hii kutaga, mayai 100 na ushei shimo moja. Baada ya siku 60 hivi vitoto hutoka gizani na kuifuata nuru hafifu ya upeo wa bahari. Tochi moja yatosha kuvigeuza vielekee nchi kavu, vikaliwa na kaa au kukaushwa na jua la asubuhi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 yamlinda kasa, ila askari hayuko kila ufuo. Basi tochi zizimwe, hata zile wazazi walizozinunulia safari hii hii. Na aonaye mburuzo wa kasa mchangani aupite kando, asifukue eti atazame tu.