Savana Si Msitu Ulioharibika

Neno savana, ambalo vitabu vya jiografia vya shule za Afrika Mashariki hulitumia kutaja nchi ya nyasi yenye miti iliyotawanyika, lilitoka kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, likachukuliwa na Wahispania na kuenea katika lugha za Ulaya tangu karne ya 16. Mwandishi wa Kihispania Gonzalo Fernández de Oviedo, katika kitabu chake cha historia cha mwaka 1535, alilieleza kuwa ni ardhi isiyo na miti lakini yenye nyasi tele. Maana hiyo imegeuka sana, kwa kuwa mwanaikolojia wa leo, yaani mtaalamu wa uhusiano wa viumbe na mazingira yao, anapotaja savana hukusudia nyasi na miti kwa pamoja: nyasi zilizotanda mfululizo, na miti iliyoachana kiasi cha kuliacha jua lifike chini.

Mpaka wa neno hilo umewasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Waliokutana Yangambi, nchini Kongo, mwaka 1956 walikubaliana kwamba savana ni uoto wenye nyasi zinazofikia angalau sentimita 80, ambazo kwa kawaida huungua kila mwaka, na penye nyasi fupi zaidi pakaitwa stepi. Mtaalamu wa mimea Frank White, katika ramani ya uoto wa Afrika iliyochapishwa na UNESCO mwaka 1983, aliliepuka neno lenyewe, akapima sehemu ya ardhi iliyofunikwa na miti: chini ya asilimia 10 ni uwanda wa nyasi, kati ya 10 na 40 ni uwanda wa nyasi wenye miti, na kuanzia 40 ni pori la miti. Vipimo hivi vina manufaa kwa mchora ramani, lakini havisemi ni nini kinachoizuia miti isizibe uwanda wote, na hilo ndilo swali lenye uzito zaidi kwa mahali kama Rongai, karibu na Nakuru katika Bonde la Ufa nchini Kenya.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliolinganisha zaidi ya maeneo 800 ya Afrika, ulionyesha kwamba penye mvua isiyozidi takriban milimita 650 kwa mwaka, uhaba wa maji wenyewe huizuia miti isisongamane, ilhali juu ya kiwango hicho miti ingeweza kuziba uwanda kama si moto na wanyama walao majani. Nakuru na sehemu kubwa ya Rongai hupata mvua inayokipita kiwango hicho, na kwa hiyo ukame peke yake hautoshi kueleza nyasi za huko.

Moto hauitendei mimea yote sawa. Machipukizi ya nyasi hukaa kwenye shina karibu na udongo au chini yake, na mwali unapopita huteketeza majani makavu tu, kisha mvua ya kwanza huleta majani mabichi. Mgunga mchanga wa urefu wa mita moja huungua hadi chini, ukachipua upya kutoka mizizini, ukaungua tena mwaka unaofuata, na huweza kukaa hivyo miaka mingi hadi upate misimu kadhaa bila moto na kukiinua kichwa chake juu ya ndimi za miali. Wafugaji wa Kimaasai, waliohamishwa kutoka sehemu hii ya Bonde la Ufa kwenda Laikipia baada ya mkataba wa 1904, walizoea kuchoma malisho ili kupata nyasi laini na kupunguza kupe. Mashamba ya walowezi yalipofuata pamoja na nyua zake, moto ulizuiwa, na penye ng'ombe wengi wanaozimaliza nyasi, vichaka kama leleshwa hupata mwanya wa kutamalaki.

Ni jambo la kusikitisha kwamba ardhi ya namna hii bado huitwa tupu. Kumbe imetoa malisho yanayothaminiwa: mmea wa malisho wa jamii ya njahi uliochukuliwa Rongai uliidhinishwa nchini Australia mwaka 1962 kwa jina hilohilo la Rongai, na nyasi za Boma Rhodes, ambazo wafugaji wa Nakuru hukata na kufunga kwa marobota, ni za asili ya nyanda za Afrika.

Kampeni ya Kenya ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 inastahili kuungwa mkono kwa dhati kwenye miteremko ya msitu wa Mau iliyofyekwa, lakini uwanda wa nyasi ukipandwa mikaratusi hupotea. Nyasi za savana nyingi ni za C4, aina ya usanisinuru inayokusanya hewa ya ukaa ndani ya jani na kupunguza upotevu wa maji kwenye joto, nazo hudhoofu zikiwekwa kivulini. Aina hiyo huacha alama katika udongo, kwani kaboni yake ina kiasi kikubwa zaidi cha kaboni nzito, kaboni-13, kuliko ile ya miti, na kwa kuipima maabara inaweza kutambua kama shamba lilikuwa msitu au nyasi kabla ya shimo la mche kuchimbwa. Kwa kusoma alama za namna hiyo katika udongo wa kale wa Afrika Mashariki, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba nyasi za C4 zilikwisha kuwa tele huko miaka milioni 21 iliyopita.