Kaulimbiu Hudai Kiitikio

Pwani ya Afrika Mashariki, chombo kizito hakivutwi nchi kavu kwa nguvu za mikono peke yake. Watu hushika kamba, mmoja akapaza sauti, wenzake wakaitikia, na hapo kwenye kuitikia ndipo wote huvuta. Anayetangulia anajichosha bure, na anayechelewa anawaachia wenzake mzigo. Anayeita naye ameshika kamba.

Mwito wa Harambee ulitokana na kazi za namna hiyo. Kenya ilipopata madaraka mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliufanya mwito wa taifa, na hadi leo umeandikwa kwenye nembo ya nchi. Mikutanoni aliuita huku ameinua mgwisho wake, na umati ukajibu kwa kishindo. Wakitoka hapo, wananchi walichanga fedha, mawe, mbao na jasho lao, wakajenga shule zilizokuja kuitwa shule za harambee.

Kwetu sisi, kuita na kuitikiana ni sehemu ya adabu ya mkutano. Msemaji hapandi jukwaani na kuanza hoja papo hapo. Zanzibar huita "Mapinduzi!" na watu wakajibu "Daima!" Kwenye mikutano ya chama tawala cha Tanzania huita "Kidumu Chama cha Mapinduzi!" na kujibiwa "Kidumu!" Sauti zikiwa hafifu, hurudia mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa hajapata bado ruhusa ya mioyo ya watu. Mwenye kuitwa ana haki ya kunyamaza, na viongozi wenye busara husikiliza ukimya huo.

Baada ya Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, chama cha TANU kilihimiza "Uhuru na Kazi", na vijijini watu wakajitolea kujenga barabara, madarasa na zahanati. Lakini kwangu mimi, mfano bora kuliko yote ni kampeni ya afya ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu karibu milioni 2 walikusanyika katika vikundi vidogo kote Tanzania. Walisikiliza kipindi cha redio, mmoja wao akasoma kijitabu kwa sauti, kisha wakajadiliana: malaria inatoka wapi hapa kwetu? Kichocho je? Minyoo je? Baada ya mjadala walichukua majembe. Walichimba vyoo, wakafyeka majani yaliyozunguka nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu. Maneno matatu yalimwambia kila mtu jambo la kufanya kwenye uwanja wake mwenyewe, na jirani yake alikuwa akilifanya pia.

Kaulimbiu huharibika pale kiitikio kinapotolewa kwa shuruti. Harambee yenyewe ilipata doa viongozi walipoigeuza jukwaa la kujionyesha kwa mabunda ya noti, na wananchi wa kawaida wakabanwa kuchangia. Mwaka 2003 Kenya ilipitisha sheria ya maadili iliyowawekea watumishi wa umma mipaka katika kuchangisha.

Siku hizi kila maadhimisho yana kaulimbiu yake, imechapwa kwenye fulana, kofia na mabango. Mgeni rasmi anaisoma, watu wanapiga makofi, na mwakani inatungwa nyingine. Ukimuuliza aliyevaa fulana hiyo anatakiwa afanye nini kesho asubuhi, mara nyingi hana la kujibu, na kosa si lake. Maneno matupu hayavunji mfupa.

Ndiyo maana nawasihi wanaotunga kaulimbiu zetu waanzie kwenye kazi kabla ya maneno. Waitaje kazi ambayo mkulima, mama lishe na mwanafunzi wanaweza kuianza kwa mikono yao, wawaachie watu nafasi ya kuijadili, kisha wao wenyewe wawe wa kwanza kuishika. Wananchi wetu hawajawahi kuwa wazito wa kuitikia mwito wa kweli. Shule walizojenga na vyoo walivyochimba vinatosha kuwa ushahidi.